Kulala Mji Huu, Kufanya Kazi Mji Ule: Mgogoro wa Kodi ya Mapato ya Miji katika Pennsylvania na Ohio, 1932–2024

Katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mfanyakazi anayelala katika mji mmoja na kufanya kazi katika mji mwingine huwa na wadai wanne wa kodi ya mapato: serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo, mji wa kazi na mji wa makazi. Katika baadhi ya maeneo huongezeka mdai wa tano, yaani wilaya ya shule. Wawili wa mwanzo hawagombani, kwa kuwa kila mmoja ana mipaka yake inayojulikana. Mgogoro uko baina ya mji wa kazi na mji wa makazi, ambao wote wawili hudai sehemu ya mshahara uleule, na anayetakiwa kuusuluhisha kila mwaka, kwa karatasi na kalamu yake mwenyewe, ni mlipakodi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hali hii yaweza kuonekana ngeni. Mamlaka ya Mapato Tanzania na Mamlaka ya Mapato Kenya hukusanya kodi ya mshahara kwa ajili ya hazina ya taifa, na mtu anayeishi Kibaha akifanya kazi Dar es Salaam, au anayeishi Thika akifanya kazi Nairobi, hana haja ya kujiuliza kodi ya mshahara wake ni ya mji upi. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani swali hilo limeulizwa mbele ya mahakama kwa zaidi ya miaka themanini. Insha hii inatetea hoja kwamba ugumu wa kuwasilisha ritani za kodi za miji haukutokana na uzembe wa watunga fomu. Ulitokana na uamuzi wa kisiasa uliofanywa nusunusu: Ohio iliipa miji mamlaka ya kumtoza mgeni kwa kazi anayoifanya ndani ya mipaka yake, lakini haikuulazimisha mji wa nyumbani kwake kuitambua kodi hiyo. Pennsylvania, iliyoanza mapema zaidi, ilichagua njia nyingine, isipokuwa kwa jiji moja.

Philadelphia na kodi iliyovuka mto

Jiji hilo ni Philadelphia. Mwaka 1932, mdororo mkuu wa uchumi ukiwa umezikausha hazina za miji, Bunge la Pennsylvania lilipitisha Sheria ya Sterling, iliyoiruhusu Philadelphia kutoza kodi juu ya jambo lolote ambalo jimbo lenyewe halikuwa linalitoza. Jimbo halikuwa na kodi ya mapato ya watu binafsi, na kwa hiyo mlango huo ulikuwa wazi. Jaribio la kwanza, la mwaka 1938, lilikwama mahakamani. Katiba ya Pennsylvania inadai kodi iwe sawa kwa wote wa daraja moja, na sheria ndogo ya jiji ilikuwa imesamehe sehemu ya mwanzo ya kipato ili kumpunguzia mzigo mtu wa chini. Msamaha huo ndio ulioiangusha. Jiji lilirudi na kodi isiyo na msamaha wowote: asilimia 1.5 ya kila mshahara kuanzia dola ya kwanza, iliyoanza kutozwa tarehe 1 Januari 1940. Ni jambo la kusikitisha, na historia za kodi mara nyingi hulipita haraka, kwamba kanuni iliyowekwa kulinda usawa ndiyo iliyomnyima mfanyakazi maskini nafuu aliyokuwa ameandaliwa.

Sifa mbili za kodi hiyo zilienea baadaye katika miji mingine. Kwanza, ilikatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, miaka mitatu kabla serikali ya shirikisho haijaanzisha utaratibu kama huo mwaka 1943. Pili, ilimtoza kila afanyaye kazi jijini bila kujali alikolala. Maelfu ya watu walivuka Mto Delaware kila asubuhi wakitoka New Jersey, na mwajiri wa Philadelphia aliwakatia kodi sawa na wenyeji. Bila kukata kodi kwenye chanzo, jiji lisingekuwa na namna ya kumfikia mtu ambaye ifikapo jioni yuko katika jimbo jingine. Hata wafanyakazi wa kiwanda cha meli za kivita cha League Island, kilichokuwa ardhi ya serikali ya shirikisho, hawakusalimika. Sheria ya Buck ya mwaka 1940 iliruhusu kodi za mapato kutozwa ndani ya maeneo ya shirikisho, na mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Pennsylvania iliamua kwamba mkazi wa New Jersey aliyefanya kazi kiwandani humo alipaswa kuilipa Philadelphia.

Sehemu nyingine za jimbo ziliwekewa kanuni iliyo kinyume cha hiyo. Chini ya sheria ya mwaka 1965 ya kodi za serikali za mitaa, kodi ya mapato ya kazi kwa kawaida haikuzidi asilimia 1, igawanywe kati ya mji na wilaya ya shule, na mji wa makazi ndio uliopewa haki ya kwanza. Mji wa kazi ulipata kitu pale tu ambapo mji wa nyumbani haukutoza, au ulitoza kidogo zaidi. Matokeo yake yaonekana Pittsburgh. Jiji hilo lilijaa wafanyakazi mchana na kubaki na wachache usiku, na kutoka kwa wageni hao halikupata asilimia yoyote ya mshahara. Kwa miaka mingi liliambulia dola 10 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Lilipoelekea kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bunge lilikubali kiasi hicho kipande hadi dola 52. Wakati huohuo, katika jimbo hilohilo, Philadelphia ilikuwa imewahi kuwatoza wasio wakazi asilimia 4.3125 ya mshahara wote, na wenyeji wake asilimia 4.96.

Ohio: mamlaka bila upatanisho

Ohio haikuhitaji sheria maalumu kama ile ya Sterling. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1912 yaliipa miji mamlaka ya kujitawala, na mahakama zilitafsiri kwamba mamlaka hayo yanabeba ndani yake uwezo wa kutoza kodi, mradi Bunge la jimbo halijauzuia. Kilichokosekana ni sababu ya kuutumia. Sababu hiyo ilipatikana mwaka 1933, wapiga kura walipoingiza katika katiba kikomo cha kodi ya mali: bila idhini ya kura, jumla ya kodi zote juu ya nyumba na ardhi isizidi asilimia 1 ya thamani. Kikomo hicho kiliwalinda wenye nyumba waliokuwa wakipoteza mali zao katika mdororo, lakini kiliiacha miji na madeni ya zamani na mapato yasiyoweza kukua.

Toledo, jiji la viwanda vya vioo na magari, lilikuwa la kwanza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1946 lilianza kutoza asilimia 1 ya mishahara na ya faida za biashara. Riba, gawio na pensheni havikuguswa. Kodi iliuangukia mshahara. Wasio wakazi waliipinga mahakamani, na mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Ohio ikaamua kwamba jiji lina haki ya kumtoza asiye mkazi kwa kipato alichokipata ndani yake. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: anayefanya kazi mjini hutembea katika barabara za mji, hulindwa na polisi wake, na kiwanda chake huokolewa na zimamoto wake. Columbus, Youngstown, Springfield na Dayton zilikuwa tayari zimefuata nyayo za Toledo.

Mantiki hiyo ina nguvu, ila inakata pande zote mbili. Mji wa makazi nao unaweza kusema kwamba polisi wake hulinda nyumba ya mfanyakazi, na kwamba taka zake huzolewa na mji huo. Mahakama ilipokubali kwamba huduma ndiyo msingi wa kodi, ilikuwa imekubali madai mawili halali juu ya mshahara mmoja, na haikusema lipi litangulie.

Bunge lingeweza kusema. Katiba ya Ohio inaliruhusu kuwekea mipaka kodi za miji, na mwaka 1957 lilitunga sheria iliyokusudiwa kuleta ulinganifu. Sheria hiyo iliagiza kiwango kiwe kimoja kwa wote ndani ya mji, na kwamba mji usipandishe kodi juu ya asilimia 1 bila idhini ya wapiga kura wake. Kuhusu mtu anayeishi huku na kufanya kazi kule, haikuulazimisha mji wa makazi kutoa nafuu kwa kodi iliyokwisha kulipwa kwingine, na suala hilo likaachwa kwa kila baraza la mji kujiamulia. Inafaa kukumbuka kwamba jimbo lenyewe halikuwa na kodi ya mapato hadi mwaka 1971, wakati wa Gavana John Gilligan. Miji ilikuwa imetangulia kwa robo karne, na ilipofika zamu ya jimbo, mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Masharti ya kura nayo yalileta jambo ambalo halikupata mjadala uliostahili. Wanaoidhinisha kiwango ni wakazi wa mji. Wanaokilipa ni wakazi pamoja na wanaoingia asubuhi na kuondoka jioni. Cleveland ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1950 jiji hilo lilikuwa na watu 914,808. Mwaka 1980 walibaki 573,822. Waliohama walikwenda katika miji ya pembezoni, na kuhama huko kulikuwa na sura ya rangi: Weupe wenye uwezo waliondoka, na Weusi, waliofungiwa milango ya viunga vingi, wakabaki na jiji linalozeeka. Ofisi na viwanda vingi havikuhama kwa kasi hiyo. Kodi ya mapato, iliyoanza kutozwa Cleveland mwaka 1967 kwa asilimia 0.5 na kupanda hadi asilimia 1 mwaka uliofuata, ilikuwa karibu chombo pekee cha kuwafikia waliohama. Jiji liliposhindwa kulipa madeni yake tarehe 15 Desemba 1978, tiba ilitafutwa palepale: Februari 1979 wapiga kura walipandisha kodi hadi asilimia 1.5, na mwaka 1981 hadi asilimia 2. Mwaka 2016 waliidhinisha asilimia 2.5.

Ni rahisi kuwahurumia wakazi wa viunga waliotozwa bila kura. Hata hivyo hoja yao hupungua uzito mtu akizingatia kwamba wengi wao walikuwa wameondoka katika jiji wakiacha nyuma gharama za jiji, huku wakiendelea kula mkate wake. Aliyebanwa pasipo utetezi ni mwingine: mfanyakazi wa kipato kidogo anayeishi katika mji mdogo usiotoa nafuu, asiyechagua kiwanda kilipo wala asiyemudu kuhama.

Mzigo wa ritani

Hesabu ya mfano yatosha kuonyesha uzito wa suala hili. Tuseme mtu anapata dola 60,000 kwa mwaka akifanya kazi katika mji unaotoza asilimia 2.5, na anaishi katika mji unaotoza asilimia 2. Mji wa kazi utachukua dola 1,500 kupitia kwa mwajiri. Ikiwa mji wa makazi hutoa nafuu kamili, hadaiwi zaidi. Ikiwa hutoa nusu ya nafuu, atadaiwa dola 600 nyingine. Ikiwa hautoi kabisa, atadaiwa dola 1,200, na jumla itafika dola 2,700, yaani asilimia 4.5 ya mshahara. Jirani yake anayeishi nje kidogo ya mpaka, katika eneo lisilo na hadhi ya manispaa, atalipa dola 1,500 tu, kwa sababu maeneo hayo hayana mamlaka ya kutoza kodi ya mapato. Watu wawili hao wanaweza kuwa na mshahara mmoja, kufanya kazi katika ofisi moja na hata kuishi katika barabara moja.

Mwajiri anawajibika kukata kodi ya mji wa kazi. Ya mji wa makazi anaweza kuikata kwa hisani tu, na wengi hawafanyi hivyo. Ndiyo maana mfanyakazi mgeni hugundua deni lake mwezi Aprili, wakati mwingine baada ya miaka miwili au mitatu, barua ya mji wa makazi inapomfikia pamoja na riba na faini. Alidhani kwamba kwa kuwa hati ya mshahara inaonyesha kodi ya mji imekatwa, mambo yamekwisha. Kodi iliyokatwa ilikuwa ya mji mwingine. Miji mingi, zaidi ya hayo, humtaka kila mkazi awasilishe ritani hata pale ambapo hesabu inaishia sifuri, na anayetarajia kudaiwa dola 200 au zaidi hutakiwa kulipa kwa makadirio ya kila robo mwaka. Kodi ya wilaya ya shule, pale ilipo, hufuata makazi peke yake na huwasilishwa kwa jimbo kwa fomu tofauti.

Miji yenyewe ilielemewa. Mwaka 1971 kundi la manispaa za kaskazini mwa Ohio liliunda wakala wa pamoja wa kukusanya kodi hizi, unaojulikana kwa kifupi cha RITA, na Cleveland nayo iliendesha idara inayokusanya kwa niaba ya miji mingine. Wakala hizi zilipunguza idadi ya anwani, lakini hazikuondoa tofauti za sheria, kwa kuwa kila mji ulibaki na kiwango chake na nafuu yake. Pennsylvania, iliyokuwa na zaidi ya wakusanyaji 500, ilifanya mageuzi makubwa zaidi kwa sheria ya mwaka 2008: iliunda wilaya 69 za ukusanyaji na, kuanzia 2012, ikawalazimisha waajiri kukata kwa kufuata viwango vya pande zote mbili. Ohio, yenye manispaa zaidi ya 600 zinazotoza kodi hii, ilipitisha sheria ya ulinganifu Desemba 2014, iliyoanza kutumika 2016. Miongoni mwa mambo mengine, ilirefusha muda ambao mfanyakazi anaweza kufanya kazi katika mji mwingine bila mwajiri kulazimika kumkatia kodi ya huko, kutoka siku 12 hadi siku 20. Nafuu kwa mkazi haikuguswa safari hii pia.

Kanuni ya siku haikuwahusu wanamichezo wa kulipwa, na kesi zao ndizo zilizotoa mwanga usiotarajiwa. Cleveland iliwatoza wachezaji wa timu ngeni kwa kuhesabu mechi: mchezaji aliyecheza mechi moja jijini kati ya ishirini za msimu alihesabiwa kuwa amepata humo asilimia 5 ya mshahara wake. Hunter Hillenmeyer wa Chicago Bears alidai kwamba analipwa pia kwa mazoezi na mikutano, na kwamba siku zake mbili Cleveland zilikuwa asilimia 1.25 tu ya siku zake za kazi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Ohio ilikubaliana naye. Siku hiyohiyo iliamua pia kesi ya Jeff Saturday wa Indianapolis Colts, aliyekuwa ametozwa kwa mechi ambayo hakuicheza: alikuwa majeruhi, na hakukanyaga Cleveland kabisa. Mahakama ilisema kwamba jiji haliwezi kutoza kazi iliyofanyika nje yake. Wanasheria wengi waliichukua kauli hiyo kuwa msumari wa mwisho.

Machi 2020 na baada yake

Miaka mitano baadaye ofisi zilifungwa kwa sababu ya korona, na maelfu ya watu waliokuwa wakienda mjini wakabaki nyumbani na kompyuta zao. Kwa kanuni ya 2015, kodi ya siku hizo ingepaswa kuhama nao. Bunge la Ohio liliona hatari hiyo mapema. Sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020 ilitamka kwamba siku ambazo mfanyakazi amefanya kazi nyumbani kwa sababu ya dharura zitahesabiwa kana kwamba amezifanya katika mahali pake pa kawaida pa kazi. Neno hili "kana kwamba" liliokoa mapato ya Columbus, Cleveland na Cincinnati, lakini pia lilifichua kilichokuwa kimefichika. Kwa miaka sabini miji ilikuwa imesema kwamba inatoza kwa sababu mfanyakazi yuko humo na anatumia huduma zake. Sasa ilitoza kwa sababu dawati lake tupu lilikuwa humo.

Mkazi wa Blue Ash, mji mdogo unaotoza asilimia 1.25, alidai arudishiwe alichokatwa na Cincinnati kwa siku alizofanya kazi nyumbani. Tarehe 14 Februari 2024 Mahakama Kuu ya Ohio ilimkatalia. Haikudai kwamba alikuwa Cincinnati. Ilisema kwamba jimbo lina mamlaka juu ya wakazi wake wote, na kwamba likitaka linaweza kuigawia miji yake kodi hiyo kwa kanuni lionayo inafaa. Hoja ya huduma, iliyobeba uamuzi wa mwaka 1950, haikuhitajika tena. Kwa kusema hivyo mahakama ilithibitisha pia, pengine bila kukusudia, kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kusuluhisha mgogoro wa miji miwili tangu mwanzo, na kwamba kutosuluhisha kulikuwa hiari yake.

Mwelekeo kama huo ulijitokeza Pennsylvania. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeihukumu Maryland kwa kutotoa nafuu, katika sehemu ya kodi inayokwenda kwa kaunti, kwa wakazi waliokwisha kutozwa katika majimbo mengine. Kwa kutegemea hukumu hiyo, mkazi wa Philadelphia aliyefanya kazi Wilmington, jimboni Delaware, kati ya 2013 na 2016 aliomba nafuu zaidi. Philadelphia ilikuwa imemtambulia asilimia 1.25 aliyoilipa Wilmington, na Pennsylvania kodi ya jimbo la Delaware hadi kufikia kiwango chake yenyewe. Kilichozidi hapo hakikutambuliwa na yeyote. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikataa kuijumlisha kodi ya jimbo na ya jiji kuwa kodi moja, na ziada hiyo ikabaki mzigo wake.

Sheria ya dharura ya Ohio ilikoma mwishoni mwa mwaka 2021. Tangu Januari 2022 mkazi wa kiunga anayefanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki anaweza kudai kwa mji wa ofisi yake kodi iliyokatwa kwa siku hizo. Anayerudishiwa hupungukiwa na nafuu aliyokuwa akiipata nyumbani, na mara nyingi hudaiwa huko sehemu ya kile alichorudishiwa. Ombi lenyewe huhitaji orodha ya tarehe, siku kwa siku, na uthibitisho wa mwajiri kwamba orodha hiyo ni ya kweli.